Sura ya Saba: Taa Zimewaka, Vipimo vya Nini?

Watu wanaojenga huuliza swali hili kila mara, na huliuliza kwa nia njema: kama fundi amemaliza kazi, taa zinawaka, feni inazunguka na friji inagandisha, vipimo vya usalama vya nini tena? Wengine huongeza nusu ya pili, ambayo ndiyo nzito: na kama fundi hakupima, kisha mtu akapigwa na umeme, sheria inamshika nani?

Nusu ya kwanza hujibiwa na fundi, ya pili na mwanasheria, lakini huwezi kuielewa ya pili kabla ya ile ya kwanza. Hakimu anayetafuta uzembe ulipo hana budi kujua ni kipimo gani kilirukwa na kingeonyesha nini. Basi nasi tuanzie ukutani, mahakamani tutafika.

Kuwaka si kupimwa

Soketi ya kawaida ina nyaya tatu. Wa kwanza ni laivu, waya unaoleta umeme. Wa pili ni nyutro, unaourudisha. Wa tatu ni athi, waya wa usalama unaounganisha miili ya chuma ya vyombo vyako na fimbo iliyopigiliwa ardhini. Taa na feni zinahitaji nyaya mbili za mwanzo tu. Athi ikiwa imekatika ndani ya ukuta, au haikuunganishwa kabisa, kila kitu kitafanya kazi kama kawaida, mwaka baada ya mwaka, wala hakuna atakayejua. Kwa hiyo fundi anayewasha taa mbele yako na kusema, "Mama, umeme huo, nimalizie hela yangu," amekuonyesha kwamba nyaya mbili zimefika. Kuhusu ule wa tatu hajakwambia lolote. Ni sawa na kununua gari kwa kuwa honi inalia, hujakanyaga breki.

Tufanye hesabu moja, maana kesi nyingi za namna hii zinasimama juu yake. Chukua nyumba ambayo fimbo yake ya athi imepigiliwa kwenye udongo mkavu. Ukinzani wake, yaani jinsi udongo unavyouzuia umeme usipite, tuseme ni omu 100. Ndani ya friji waya wa laivu umechunika na kugusa bodi ya chuma. Umeme wa volti 230 unakimbilia ardhini kupitia fimbo ile. Gawanya 230 kwa 100: unapata ampea 2.3. Saketi breka ya soketi, kile kiswichi kinachojikata umeme ukizidi, imewekewa ampea 20. Kwake ampea 2.3 ni mzigo wa kawaida kabisa, haijikati. Friji inaendelea kugandisha, na bodi yake ina karibu volti zote 230. Inamsubiri mtoto anayetoka kuoga, miguu mitupu, sakafu ya saruji ina maji.

Sasa weka kwenye nyumba hiyohiyo kikata-uvujaji. Hiki ni kifaa kinacholinganisha umeme unaotoka na unaorudi, na kukata pale kiasi kinapopotea njiani. Cha nyumbani huwekewa miliampea 30, yaani sehemu 30 za elfu moja za ampea, kwa sababu umeme unaozidi hapo ukipita mwilini unaweza kuuvuruga moyo. Zile ampea 2.3 ni zaidi ya mara 70 ya kiwango chake. Hitilafu ile ingekatwa palepale ilipoanza, kabla mtu hajaigusa friji. Lakini kama kifaa ni kibovu au kimeunganishwa vibaya, kitakaa kwenye boksi la umeme kikipendeza tu. Anayejua kwamba kinafanya kazi ni yule aliyekipima.

Vipimo vyenyewe si siri ya wataalamu. Nyumba mpya, kabla ya kuanza kutumiwa, inapaswa walau kupimwa haya:

- Mwendelezo wa athi: je, waya wa usalama umefika kwenye kila soketi bila kukatika?
- Uzima wa maganda ya nyaya: chombo ambacho mafundi hukiita mega husukuma volti 500 kwenye nyaya zilizozimwa na kupima kama umeme unapenya ganda. Kwa nyaya za nyumbani, viwango vya kimataifa vinataka ukinzani usiopungua megaomu 1, yaani omu milioni moja.
- Mpangilio wa laivu na nyutro: swichi ikikata nyutro badala ya laivu, taa itazimika lakini kishikio chake kitabaki na umeme, na anayebadilisha balbu ndiye atakayegundua.
- Ukinzani wa fimbo ya athi kwenye udongo wa hapo, si wa nyumba ya jirani.
- Kikata-uvujaji: kwa miliampea 30 kinatakiwa kukata ndani ya milisekunde 300, chini ya theluthi moja ya sekunde.

Bisibisi ya testa, ile yenye kitaa kidogo kwenye mpini, haiwezi kupima hata kimoja kati ya hivi ipasavyo. Fundi aliyekuja na testa peke yake hakuja kupima.

Fomu iliyojazwa bila kupimwa

Mfano ninaorudia kuutaja umetoka Uingereza. Desemba 2007, katika mji wa West Bromwich, mama kijana wa miaka 22 alikuwa kwenye fleti yake, nyumba ya kisasa, ambayo nyaya zake zilikuwa na cheti. Maji yalivuja kwenye kabati la hita. Akaenda kuyadhibiti, akapigwa na umeme, akafa. Uchunguzi ukaonyesha kwamba kebo iliyo ndani ya ukuta ilikuwa imetobolewa wakati wa kufunga mbao za jasi, na fremu ya chuma ya ukuta ikawa na umeme. Kipimo sahihi cha mega kingeufichua uharibifu ule. Kwenye karatasi vipimo vilionekana vimefanyika, ila vilikuwa vimeachiwa msaidizi asiye na sifa ya kuvifanya, na msimamizi wake akaidhinisha. Msimamizi huyo alitiwa hatiani chini ya sheria ya nchi hiyo ya afya na usalama kazini ya 1974.

Ona kosa lilivyochorwa hapo. Aliyetoboa kebo alikuwa mtu mwingine kabisa. Msimamizi alishtakiwa kwa sababu kazi yake ilikuwa kuhakikisha tobo kama lile haliwezi kupita bila kuonekana. Kipimo kipo kwa ajili ya makosa ya watu wengine pia: seremala, mpiga plasta, kijana aliyechimba ukuta kupitisha bomba.

Kesi ya Waingereza inatuhusu kwa sababu mfumo wetu wa sheria umechota kisima kimoja na wao. Kanuni za Adhabu za Kenya na za Tanganyika zote zilitungwa mwaka 1930, chini ya utawala wao, na bado ndizo zinazotumika baada ya marekebisho mengi. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba sheria hizo zinaadhibu kutotenda sawasawa na zinavyoadhibu kutenda.

Sheria inaingia wapi

Fundi aliyeruka vipimo anaweza kukutana na sheria mara tatu kwa kosa lilelile.

Kwanza ni *leseni*. Tanzania Bara, Sheria ya Umeme ya 2008 inauweka ufungaji wa umeme kwenye majengo miongoni mwa kazi zinazohitaji leseni, na anayeitoa ni EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Kenya kazi hiyo iko kwa EPRA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na petroli, chini ya Sheria ya Nishati ya 2019. Leseni zina madaraja, na kila daraja lina mipaka ya kazi. Aliyepewa leseni anaweza kusimamishwa au kunyang'anywa, na hapa hakuna haja ya kusubiri mtu afe. Kazi mbovu inatosha. Anayefanya bila leseni anatenda kosa hata kama kazi yake ni safi.

Pili ni *jinai*, yaani kesi ambayo serikali inamshtaki mtu na mwisho wake unaweza kuwa jela. Mtu akifa kwa uzembe mkubwa wa mwingine, kosa linaitwa kuua bila kukusudia. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inalieleza kwenye kifungu cha 195, ya Kenya kwenye cha 202, na katika nchi zote mbili adhabu ya juu kabisa ni kifungo cha maisha. Vifungu hivyo vinataja waziwazi kuacha kutimiza wajibu wa kulinda uhai au afya. "Mimi sikumgusa" si utetezi. Mtu akiumia bila kufa, kuna kosa dogo la uzembe ulioleta madhara, kifungu cha 234 Tanzania na cha 244 Kenya, lenye kifungo kisichozidi miezi sita.

Hii haimaanishi kwamba kila ajali ni jinai. Mahakama hutofautisha kuteleza kwa kawaida na uzembe uliokithiri, ule unaoonyesha kwamba mtu hakujali kabisa kama wenzake wataishi au watakufa. Fundi aliyepima saketi zote akakosea kusoma namba moja yuko mbali sana na fundi aliyejua namna ya kupima, akawa na chombo, akaamua kutopima kwa sababu jua linazama. Upande wa mashtaka pia lazima uthibitishe kwamba kuruka kipimo ndiko kulikosababisha kifo, pasipo kuacha shaka ya maana. Kama friji iliharibika miaka minne baada ya fundi kuondoka, na athi ilikuwa nzima siku alipoondoka, hana hatia. Ila atamwonyesha nani kwamba ilikuwa nzima, kama hana karatasi ya vipimo? Karatasi ile inamlinda fundi mwaminifu kuliko inavyomlinda mtu mwingine yeyote, na inanisikitisha kuona mafundi wazuri wanaiona kama usumbufu wa wateja wasumbufu.

Tatu ni *madai*, kesi ambayo aliyeumia, au wategemezi wa aliyekufa, wanadai fidia. Hapa kizingiti kiko chini: inatosha kuonyesha kwamba madai yao yana uzito zaidi kuliko utetezi. Wanapaswa kuthibitisha mambo matatu: fundi alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwao, hakuwa mwangalifu, na madhara yakatokana na hilo. Wajibu huo hauishii kwa aliyemlipa. Mpangaji, mgeni, dada wa kazi, mtoto wa jirani aliyekuja kuangalia mpira, wote ni watu ambao fundi mwenye akili timamu angewafikiria. Na kama fundi ameajiriwa na kampuni, kampuni hujibu kwa makosa aliyoyafanya akiwa kazini.

*Kwa ufupi hadi hapa: kupima ni sehemu ya kazi yenyewe. Kuruka vipimo kunaweza kumgharimu fundi leseni, mali au uhuru wake, na moja halizuii jingine. Mtu anaweza kutumikia kifungo kisha bado akadaiwa fidia.*

Muhuri wa kukodi

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu ndipo penye maradhi yetu.

Mwenye nyumba anamtafuta fundi wa mtaani. Kijana ni mchapakazi, bei yake ni nafuu, anajua kuchimba kuta na kutandaza nyaya, ila leseni hana. Nyumba inaisha. Siku ya kuomba umeme TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, inatakiwa fomu yenye muhuri wa mkandarasi mwenye leseni. Kijana anamjua mtu. Anampelekea mchoro na pesa kidogo, jioni anarudi na fomu imegongwa muhuri. Aliyegonga hajawahi kuliona hata lango la nyumba hiyo.

Hata pale panapotakiwa namba za vipimo, hujazwa hivyohivyo. Mtu anayejua huziona mara moja. Saketi nane, zote zina megaomu 200 kamili. Fimbo kwenye mchanga mkavu, imeandikwa omu 1. Nyumba halisi haitoi majibu ya namna hiyo: saketi ndefu ya soketi hutofautiana na saketi fupi ya taa za nje, na udongo wa Dodoma wakati wa kiangazi si udongo wa tope la Kilombero. Mtaalamu akiitwa kutoa ushahidi, ukurasa ule mmoja unamweleza kwamba hakuna aliyepima.

Mbele ya sheria, aliyegonga muhuri ameitangaza kazi ile kuwa yake. Akija kusema "mimi sikuwahi kufika pale", hajajitetea, amekiri. Ametoa uthibitisho wa usalama akijua hana msingi wake, na watu wakalala ndani ya nyumba ile kwa kumwamini. Kijana aliyefunga nyaya naye haponi, kwa sababu amefanya kazi inayotaka leseni bila kuwa nayo, na wajibu wa uangalifu anao mtu yeyote anayegusa kazi ya hatari. Mwenye nyumba aliyejua kwamba muhuri ni wa kununua naye ana lake. Akiumia mwenyewe, mahakama inaweza kuipunguza fidia yake kwa kiasi cha uzembe wake. Akiumia mpangaji wake, anaweza kuunganishwa kama mdaiwa.

Ukiniuliza mimi, kati ya hao watatu mwenye lawama kubwa ni wa muhuri. Kijana huenda hajui asichokijua. Mwenye nyumba mara nyingi anaiona fomu imegongwa muhuri, anaamini imekamilika. Mwenye leseni ndiye aliyesomea, akajua megaomu ni nini, akauza saini yake kwa bei ya chakula cha mchana.

"Lakini walikuja kukagua"

Wengi hujifariji kwamba afisa wa shirika la umeme alipita kabla ya kuunganisha. Ukaguzi huo haumwondolei mkandarasi wajibu wake. Kwa kawaida shirika linawajibika kwa njia yake hadi kwenye mita, na yaliyo baada ya mita ni ya mwenye nyumba na mkandarasi wake. Jicho la mkaguzi pia halioni tobo la kebo lililo nyuma ya plasta.

Nyumba za kupanga, maduka na viwanda

Nyumba nyingi za kupanga Nairobi zina shawa za umeme zinazochemsha maji papo hapo. Ndani yake maji na waya unaopasha moto vinakutana. Athi ikikosekana, anayefungua koki ya chuma ndiye anakuwa njia ya umeme kwenda ardhini, akiwa amelowa mwili mzima. Mpangaji akilalamika kwamba bafuni "kuna shoti kidogo", na mwenye nyumba akamjibu avae ndala, mwenye nyumba ameshaarifiwa. Kuanzia siku hiyo hawezi tena kusema hakujua, na ujumbe ule kwenye simu ni ushahidi. Kenya ina sheria mahsusi ya dhima ya anayemiliki au kutawala jengo kwa wanaoingia humo kihalali, ile ya Sura ya 34.

Mahali pa kazi sheria huongezeka. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, Kenya ina yake ya 2007, na zote zinamtaka mwajiri aweke mazingira salama, umeme ukiwemo. Mwenye kiwanda hawezi kumtupia fundi kila kitu.

Kuhusu bima ya moto, soma masharti kabla nyumba haijaungua. Ukitamka kwenye fomu ya maombi kwamba umeme umefungwa na kupimwa na mwenye leseni, na si kweli, umempa mwenye bima sababu ya kukataa kukulipa.

Likitokea, na kabla halijatokea

Baada ya moto au kifo, taarifa hutoka kwamba chanzo ni hitilafu ya umeme, na kwa familia nyingi mambo yanaishia hapo. Yasiishie hapo. Uliza ni hitilafu gani, kwenye saketi ipi, na nani aliipima mara ya mwisho. Mambo haya yafanyike mapema:

- Zima swichi kuu, kisha usimruhusu mtu yeyote, hasa fundi aliyefanya kazi, kubadilisha chochote kabla polisi na wataalamu hawajaona.
- Piga picha boksi la umeme, fimbo ya athi na kifaa kilichohusika.
- Omba nakala ya fomu iliyopelekwa shirika la umeme. Jina lililo kwenye muhuri ndilo la kuanzia.
- Ripoti kwa EWURA au EPRA mbali na polisi. Mamlaka hizo na polisi hawafanyi kazi moja.

Muda nao unahesabika. Tanzania na Kenya, madai ya fidia kwa uzembe kwa kawaida hufungwa baada ya miaka mitatu, na yale yanayotokana na mkataba baada ya miaka sita. Familia nyingi hupoteza haki yao wakisubiri msiba upoe.

Kama nyumba yako haina karatasi ya vipimo, au inayo lakini namba zake zinatia shaka, mwite mkandarasi mwenye leseni asiyekuwa yule wa mwanzo. Mwambie tangu siku ya mapatano kwamba unalipia vipimo na matokeo yake kwa maandishi, saketi kwa saketi, na jina, namba ya leseni na saini ya aliyepima. Simama naye anapopima. Ni kazi ya saa chache kwa nyumba ya vyumba vitatu. Ukiambiwa mega iko kwa mwenzake, mwambie aende akaichukue, na malipo ya mwisho yasubiri mpaka arudi nayo.